Filimbi ya Kicheche

Siku hiyo wanyama walicheza mpira wa kikapu, na waamuzi walikuwa wawili: Korongo, mkongwe wa filimbi, na Kicheche, aliyefuzu juzi tu. Mpira uligonga ukingo wa ubao ukarudi uwanjani. Korongo akaacha mchezo uendelee, lakini Kicheche akapuliza filimbi.

"Mpira umetoka!"

"Mdogo wangu, njoo pembeni tuzungumze," alisema Korongo.

"Tuzungumzie hapa hapa, wote wasikie! Uzee wako si sheria."

Akafungua kitabu cha sheria kwa mbwembwe. Humo iliandikwa wazi: mpira ukigonga nyuma ya ubao, umetoka; ukigonga ukingo, mchezo unaendelea. Kicheche akanywea.

Korongo akaufunika ukurasa kwa bawa lake, akawageukia mashabiki. "Kosa ni langu. Sikumweleza mwenzangu jambo hili kabla ya mchezo."

Kumbe alikuwa amemweleza, asubuhi ile ile, na Kicheche alikuwa akipiga miayo.

Mashabiki wakamzomea Korongo hadi mchezo ukaisha. Kicheche, aliyetaka wote wasikie, alisimama kando yake akitazama miguu yake mwenyewe, na neno moja la kumtetea halikumtoka.