Kicheko cha Bibi Mwanasiti

Kwa mujibu wa sheria, mafaili ya siri ya kila raia hufunguliwa tu kwa kicheko cha mtu mmoja amchaguaye. Cha kurekodi hakikubaliki, wala cha kujilazimisha. Mimi, kwa busara zote za kidato cha tatu, nilimchagua bibi yangu, Mwanasiti.

Basi kila nikitoka bweni nina kazi rasmi ya kumchekesha. Jana nilimsimulia tulivyomvisha mbuzi wa shule joho la mwalimu mkuu, akakagua gwaride. Bibi alicheka mpaka ushungi ukadondoka, na mafaili yakafunguka.

Leo nilianza kwa utani: “Unamkumbuka yule mbuzi?”

“Mbuzi gani, mume wangu?”

Nikasimulia upya. Ushungi ukadondoka vilevile. “Mtundu wewe! Mbona jana hukuniambia?”

Mafaili yakafunguka, na kompyuta ikauliza kama nataka kubadili mwenye kicheko. Siku Bibi asipoweza kucheka tena, yote yatapotea, na yaliyomo ni hadithi zake nilizorekodi tangu utotoni. Lakini nikimbadili, lazima aarifiwe, pamoja na sababu.

Nikabonyeza “Hapana”, nikasogeza kigoda.

“Mke wangu,” nikamwambia, “shuleni kwetu kuna mbuzi mmoja.”