Kipande Kilichoungua Nusu

Fundi wa kompyuta Mkufya alikuwa bahili hata watu wakasema akipiga chafya huivuta irudi puani. Siku hiyo ubahili wake uliingia naye hospitalini.

Kompyuta iliyoendesha mashine ya kupumulia ya shemeji yake ilikuwa imeungua kumbukumbu katikati. Kiini cha mfumo, programu inayoigawa kumbukumbu hiyo, hakikujua kuna pengo. Kiliandika humo amri za pumzi, zikapotea. Mkufya alipaswa kukionyesha pengo linapoanzia na linapoishia, kiliruke.

Dada yake, Nanzia, alikuwa akimpumulisha mumewe kwa kuminya mfuko wa mpira.

"Kaka, fanya hima. Vidole vimekufa ganzi."

"Nimefika ukingoni mwa pengo. Kuna kipande cha kumbukumbu kimeungua nusu."

"Si ukitupe chote!"

"Nusu yake bado ni nzima, Nanzia. Mali hiyo."

"Huyu ni mume wangu, Mkufya, si kiporo cha maharage!"

Kiini hugawa kumbukumbu kwa vipande vizima, nusu hakiijui. Mkufya alilifahamu hilo vizuri. Lakini mkono ulimgomea, akakiacha kile kipande miongoni mwa vizima, akawasha.

Kifua cha shemeji kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Nanzia akauachia mfuko, akacheka huku analia.

"Ahsante, kaka yangu."

Kifua kikashuka, kikatulia.

Nanzia akaunyakua mfuko. Mkufya akainamia kibodi kukisaka kile kipande akitupe chote, na nyuma yake akausikia mpira ukiminywa, ukiminywa, wala hakuthubutu kugeuka kutazama kama kifua kinapanda.