Wino wa Kijani

Ulimwona, usijifanye. Ulikuwa pale Zombe sokoni, mwaka wa themanini na saba. Mzee mwenye koti alipoingia, ulikibana kitabu chako cha sheria kwapani, ukalipa, ukatoka ukitazama kando.

Mumbua, mwenye duka la vitabu, hakuwa na pa kutokea. Wiki ya tatu hiyo, kila siku ya soko, mzee anakuja na hanunui. Anafungua kitabu, anasoma ukurasa wa kwanza tu, pale mwenyewe wa zamani alipoandika jina lake. Anakifunga, anachukua kinachofuata. Alikuwa amefika rafu ya pili.

"Huyo ni wa serikali, anatafuta watu," Nzomo wa hoteli alinong'ona. "Kitabu kilichopigwa marufuku kikipatikana, jina si liko hapo? Na wewe muuzaji unaenda nao."

"Wewe unaogopea chapati zako tu."

Mumbua alicheka, lakini akaanza kuhesabu kitakachopotea. Baada ya njaa ya themanini na nne soko lilikuwa kaburi. Magunia yake ya vitabu vya mitumba ndiyo yaliyoleta walimu mpaka kutoka Kyuso, na walimu wakaleta hoteli, fundi wa viatu, mama muuza ndengu. Duka likifungwa, wote wanarudi vumbini.

Mkesha wa siku ya soko iliyofuata, alifunga mlango, akachana kurasa zote za majina. Hakusoma; asichokijua hawataweza kumlazimisha akiseme. Jina moja tu lilimng'ang'ania jichoni, kwenye vitabu vitano vya sheria vya rafu ya mwisho, kwa kuwa lilikuwa la wino wa kijani. Akazitia kurasa zote motoni, akachemshia chai.

Mzee akaja. Akafungua kimoja. Cha pili. Cha kumi. Akaanza kufungua harakaharaka. Mumbua alishikilia meza.

"Mwanangu, majina yameenda wapi?"

"Yalikuja hivyo, mzee."

Mzee akavua kofia, akaketi juu ya gunia.

"Mulei, kijana wangu, polisi walimchukua chuoni, vitu vyake wakauza. Nikiuliza, wananiambia hakujawahi kuwa na mwanafunzi kama huyo. Nataka jina lake tu, kwa mkono wake, niwawekee mezani." Akapangusa macho. "Vitabu vyake vya sheria ni sita. Alipenda wino wa kijani."

Wewe, inuka. Kile cha sita kiko kwako. Kifungue sasa hivi.