Nguchiro na Makombo ya Ugali

Enzi wanyama walipovua kwa zana, Nguchiro hakuwa na mtumbwi wala wavu. Alikuwa na makombo ya ugali tu, na mdomo usiopumzika.

"Mzee Fisimaji, unahangaika na wavu wa nini?" alipiga kelele ukingoni mwa mto. "Mimi siku ya kwanza nawatupia perege makombo, nawaacha wale. Siku ya pili nawatupia karibu zaidi, nawaacha tena. Siku ya tatu wanakuja wenyewe hadi miguuni pangu, nawaokota. Sigharamiki hata kidogo!"

"Punguza sauti, mwanangu," Fisimaji alimwambia. "Mtoni humu tuko wengi."

Nguchiro akacheka.

Kesho yake alikuta yai la kanga kwenye nyasi, hatua kumi kutoka majini. Akalila. Siku iliyofuata akakuta jingine, hatua tano kutoka majini. Akalila hilo nalo, akajilamba. "Kanga wa huku hawana akili kabisa," alisema.

Asubuhi ya tatu yai lilikuwa kwenye tope, pale pale maji yanapoishia. Nguchiro alilikimbilia. Alipoinama kulichukua, aliona macho mawili majini, karibu mno, yakimtazama. Akaganda.

"Mzee Mamba!" alisema. "Yai hili ni la nani?"

"Ni lako, mwanangu," Mamba alijibu kwa upole. "Hebu nikumbushe, ulisema siku ya tatu wanafanyaje?"