Cha Nje, cha Ndani

Kipande cha mchicha kilikuwa kimenasa nyuma ya waya, jino la tatu juu kushoto, na seremala alikuwa anasubiri mezani.

Mkutubi alikitafuta kwa kile kibrashi chembamba kama sindano, mdomo wazi mbele ya kioo cha chooni. Alishapiga mswaki juu ya vyuma na chini ya vyuma, jino kwa jino, kama alivyoagizwa. Alishapitisha uzi. Mchicha uling'ang'ania tu. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mtu aliyefungwa, kama wanavyosema kwenye kliniki ya meno, haagizi mchicha siku kama hii. Anaagiza supu.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Kwa wiki tatu seremala alikuwa maktaba akitengeneza rafu mpya, na kwa wiki tatu mkutubi alimjibu kwa kutikisa kichwa au kwa kunong'ona nyuma ya kitabu. Maktaba ni mahali pazuri pa kuficha meno. Huko asiyecheka huonekana anafuata sheria. Lakini rafu zilikuwa zimekwisha. Kesho seremala angehamia kazi nyingine, na leo alikuwa amemwalika chakula cha mchana hapa mgahawani. Mkutubi alimpenda, hilo alishalikiri hata kwa shangazi yake. Kama leo angeendelea kujibu kwa kichwa, mwanamume wa watu angeondoka akijua amekutana na mwanamke mwenye maringo.

"Mwonyeshe," shangazi alikuwa amemwambia asubuhi. "Mwanamume hakimbii chuma, mwanangu. Anakimbia harufu. Wewe piga mswaki, mengine niachie mimi."

Mchicha ukatoka. Akabandika nta kidogo pale waya ulipokuwa unamchoma shavu, akavuta pumzi, akarudi mezani kiganja kikiwa mdomoni.

"Nilidhani umenitoroka," seremala alisema.

"Nikishakula lazima nitoke kidogo. Ni masharti." Akainamisha kichwa. Liwalo na liwe. "Kuna kitu sijakwambia. Mimi nimefungwa. Miaka miwili. Nimebakiza miezi minane."

Seremala aliweka kijiko chini. Hakucheka, na mkutubi alimpenda zaidi kwa hilo.

"Cha nje, siyo?" aliuliza kwa upole.

"Cha nje," mkutubi alijibu, akishangaa kumpata mtu anayejua tofauti. Daktari alikuwa amempa achague: vyuma vya nje, au vile vinavyobandikwa kwa ndani, upande wa ulimi, visionekane. "Cha ndani nilikiogopa."

"Usingekiweza. Mimi nilifungwa cha ndani. Miaka mitatu."

Nusura mkutubi aondoe kiganja. Kumbe ndiyo maana meno ya huyu bwana yamenyooka hivi. Na yeye miezi yote hii alijiona yuko peke yake duniani.

"Sijawahi kumwambia mwanamke yeyote," seremala aliongeza, akiangalia sahani. "Wakisikia wanakimbia."

"Mimi sikimbii," mkutubi alisema kwa furaha. "Ulikuwa unakula nini?"

"Maharage. Mchana maharage, jioni maharage."

Mkutubi aliitikia kwa heshima. Vitu laini, hakuna ubishi. Yeye alishavunja masharti mara mbili kwa sababu ya bisi, na mara ya pili chuma kimoja kiling'oka kikaingia tumboni.

"Na ukaguzi?"

"Kila siku, alfajiri."

Kila siku! Yeye alikaguliwa mara moja kila wiki sita na bado aligombezwa kama mtoto wa chekechea. "Mimi nimeambiwa nikizembea wataniongezea miezi sita."

"Wanaongeza kweli, niliwaona wenzangu. Mimi walinipunguzia. Tabia nzuri."

Mkutubi alijua tabia nzuri ni nini: mswaki kila baada ya kula, fizi safi, hakuna peremende. Mwanamume wa kupiga mswaki mpaka akapunguziwa, wa namna hiyo utampata wapi tena? Shangazi angepiga vigelegele.

"Useremala wenyewe nilijifunza nikiwa nimefungwa," seremala aliendelea. "Muda unakuwa mwingi."

Hilo nalo aliliona la kweli. Mtu asiyeruhusiwa kuguguna mifupa lazima ajitafutie kitu kingine cha kufanya.

"Na ukishafunguliwa, ndiyo basi?"

"Ndiyo basi wapi? Usipojiangalia unarudi kule kule ulikotoka. Wengi wanarudi."

"Hata mimi nimeambiwa hivyo hivyo," mkutubi alisema. Akaona sasa anajitesa bure. Mbele yake alikuwa ameketi mtu aliyepita njia ile ile, akaimaliza, na wala hakuona aibu kuisimulia. Ficha ficha ya nini?

Akashusha kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu afungwe, akacheka mbele ya mwanamume, mdomo wote, juu na chini, na vyuma ishirini visafi vikametameta kwenye mwanga wa dirisha.

Seremala alitazama. Akasogeza kichwa karibu, akatazama tena.

"Kumbe wewe ni meno tu," akasema. "Mimi hakimu alinifunga mzima mzima."