Mwenye Kilima

"Bwana, ulinde ulimi wangu," Dorkas aliomba, akifunga kanga kiunoni ili apande kilima vizuri. "Na yale madarasa mawili, unajua mwenyewe."

Katika shule ya kijijini kwake, darasa la pili na la tatu walisoma chumba kimoja, wamepeana migongo. Upande mmoja ukiimba hesabu, mwingine unasubiri.

Juu kilimani, mitambo ya umeme wa upepo ilizunguka taratibu, haina haraka na mtu. Chini yake vijiji viwili vilishajipanga, Ighunda mashariki na Mkenene magharibi, kila kimoja kikidai kilima ni chake. Zamani hakuna aliyekitaka, mawe matupu na fisi. Lakini sasa mitambo inalipa kodi, na halmashauri imeamua fungu la kodi hiyo lijenge shule ya kijiji chenye kilima. Ghafla kila mtu akawa na babu aliyezaliwa pale juu.

Chediel, mwenyekiti wa Ighunda, alimwahi Dorkas njiani, jogoo kwapani.

"Shikamoo, Mama. Huyu ni wa mboga tu."

"Marahaba, mwanangu. Rudi naye, akawike kwako."

Benson, mpimaji wa wilaya, alitaka neno la mtu mmoja aliyekuwapo mwaka ule kilima kilipoungua, kwa sababu huku kila kijiji huzima moto wa ardhi yake tu.

"Mama, nani walizima?"

Dorkas aliwatazama watu. Nao walimtazama.

"Watu wa Mkenene," alisema. "Walikuja na matawi mabichi, wake kwa waume. Watu wa Ighunda walisimama pale chini wamekunja mikono. Wakasema, kwani kilima ni chetu? Mwenye nacho ahangaike nacho."

"Ulikuwa binti mdogo wewe!" Chediel akafoka.

"Na wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, unanyonya kidole."

Kicheko kikazuka kilima kizima. Hata Benson aligeukia pembeni kidogo, akijifanya anakohoa. Kisha akashuka hadi chini upande wa mashariki, akapigilia kigingi cha mpaka. Kilima chote kikawa cha Mkenene.

Vigelegele vikapasuka. Laurian, mwenyekiti wa Mkenene, alimshika Dorkas mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, Mama. Mungu akubariki sana."

"Mjengeni mtoto kwanza, ndipo mjenge kuta," Dorkas akamjibu, naye akacheka kidogo. Akawaaga, akateremka.

Chediel alimfuata nyuma mpaka kwenye uwanja wa shule ya Ighunda, ambako watoto walikuwa wakikimbia kuja kumpokea Dorkas mkoba.

"Haya," Chediel akasema, "waambie wewe mwenyewe, mwalimu mkuu wetu."