Saa ya Msellem

Tausi aliketi sebuleni akiisugua saa ya dhahabu ya marehemu mumewe, Msellem, kwa mswaki laini na maji ya sabuni. Alasiri ile mwanawe Nassoro angeivaa kwenda kuoa. Alipofika kwenye mkanda akaona weusi umeganda katikati ya pingili, jasho na vumbi la mkono aliouzoea. Akainusa. Upande aliokwisha kuusugua ulinukia sabuni. Upande wa pili bado ulinukia Msellem.

"Mama, bado tu?" Nassoro aliita kutoka chumbani.

"Bado kidogo, mwanangu."

Akaweka mswaki chini, akaivaa. Ilimpwaya, ikateleza hadi karibu na kiwiko. Akaifunika kwa kiganja. Nje, matarumbeta yalikuwa yameanza kulia.